Saa Mbili ya Huku

Vikaratasi vilikaa kwenye kipandio cha tatu cha ngazi kutoka chini, vimekandamizwa na kopo la dawa ya viatu. Hapo ndipo mimi na mpangaji wetu tulipozungumza kwa karibu miezi mitano, na mara chache sana mmoja wetu alifungua mdomo. Yeye aliacha chake asubuhi, mimi nikamjibu nikitoka shule.

Alikuwa Mmarekani, mweusi kama sisi, na mrefu mpaka taa ya jikoni ikawa inampiga kwenye paji la uso kila siku. Baba alifupisha waya, taa ikawa inampiga utosini. Alikuja Birmingham kucheza mpira wa kikapu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, na kama mtu angeniuliza kazi yangu ningesema ni kukaa kimya. Mwalimu wa jiografia aliandika kwenye ripoti yangu kwamba bado hajasikia sauti yangu, na hakutia chumvi. Nilikuwa na daftari la jalada la kijani, na humo ndani nilikuwa msemaji hodari.

Mama ndiye aliyemleta. Alikuwa muuguzi, na siku hiyo Mmarekani alikuja hospitali kuangaliwa goti. Aliposikia kuwa Mama ni wa Kenya, akakaa wima kitandani na kuanza Kiswahili. Huko kwao vijana weusi wengi wakati ule walikuwa wakijifunza Kiswahili chuoni, na yeye alikisoma mwaka mzima. Mama akamwambia tuna chumba cha juu, mbele, hakina mtu. Jumamosi yake akasimama mlangoni na mfuko mmoja wa nguo.

"Hujambo, ndugu," alisema. "Mimi ni mgeni wako."

"Sijambo, baba. Lakini mimi si ndugu yako, mimi ni mama yako. Ingia, unaleta baridi."

Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Kila neno lilikuwa mahali pake. Baba, aliyefanya kazi kwenye yadi ya reli hapo Saltley na aliyekulia Voi, alisema kumsikiliza yule kijana ni kama kusikiliza taarifa ya habari. Vikaratasi navyo vilianza kwa sababu ya Kiswahili hicho. Siku moja nilikuta kimoja kwenye ngazi: "Dada, habari za masomo? Jana mvua ilininyea sana. Je, nimeandika sawa?" Nilicheka peke yangu mpaka Mama akauliza nina nini. Nilimjibu kwa kalamu: "Sema ilininyeshea. Lile lingine usiliseme mbele ya Mama." Tangu hapo nikawa mwalimu wake. Niseme ukweli, nilijiona mkubwa. Nilikuwa sijawahi kumfundisha mtu kitu.

Maisha yake niliyajua kwa sababu Baba alipenda kumhoji wakati wa kula. Alipomaliza chuo, timu kubwa ya kwao ilimwita mazoezini. Akafanya majuma mawili. Asubuhi moja akaenda kuangalia karatasi iliyobandikwa mlangoni, akakuta majina ya wote isipokuwa lake. Hakuna aliyemwambia neno. Akavuka bahari akaenda Ubelgiji, kwenye timu ya muuza nyama mmoja tajiri. Mwaka mmoja baadaye muuza nyama akachoka na mpira, akanunua farasi wa mbio. Ndipo akaja kwetu, kwenye timu ambayo wenzake walikuwa walimu na mafundi, watu wa kucheza baada ya kazi.

"Kwa hiyo hii ni kazi?" Baba alimuuliza.

"Ni kazi, mzee, kama mtu akikubali kuiita kazi."

"Na wasipokubali?"

"Narudi kupakia matairi na baba yangu."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini aliacha kula. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Kibali chake cha kukaa Uingereza kilikuwa kinaisha mwisho wa Februari, na ili kiongezwe ilihitajika barua ya timu. Kocha alikuwa hajaiandika. Alisema ataamua baada ya mechi na timu ya London iliyokuwa inaongoza ligi, basi. Kocha alikuwa fundi wa kiwandani, mtu mfupi mwenye kofia, na hakupenda watu wanaojiona. Siku mbili tatu Mmarekani alichelewa mazoezini kwa sababu ya kukanda goti lake kwa maji moto, na kocha aliziweka siku hizo moyoni.

Mimi niliingia kwenye timu kwa mlango wa nyuma. Mwandishi wa pointi alihamia Sutton Coldfield na hakutaka tena kupanda mabasi mawili kuja kukaa kwenye ukumbi wa baridi. Mmarekani akamwambia kocha kuna msichana nyumbani anaandika kila kitu. Nilitaka kukataa, lakini kukataa kunahitaji kusema, basi nikaenda.

Kumbe ile ndiyo kazi niliyoumbiwa. Ukumbi ulikuwa nyuma ya maghala ya Digbeth, una madirisha marefu yenye vumbi, na meza ya mwandishi ilikaa pembeni mwa uwanja. Mezani hakuna maneno. Mchezaji akikosea, refa anakugeukia na kukuonyesha namba yake kwa vidole, nawe unaandika. Vidole vinne, nne. Vidole viwili, mbili. Jioni nzima watu wananitazama na hakuna anayengoja nijibu. Sheria moja nilifundishwa siku ya kwanza: majina ya wachezaji huandikwa kabla mpira haujarushwa juu. Aliyeandikwa akichelewa, anaweza kuingia hata mwishoni. Asiyeandikwa hachezi, hata akifika dakika ya pili.

Majira yale ya baridi wachimba makaa ya mawe waligoma, mitambo ya stima ikakosa makaa, stima ikawa inakatwa kwa zamu, mtaa huu sasa, mtaa ule baadaye. Tulikula ugali kwa mshumaa. Mechi na London ilikuwa ianze Jumamosi, saa moja na nusu usiku. Ijumaa jioni, nimerudi shule na niko peke yangu, mlango ukagongwa. Alikuwa kocha, baiskeli mkononi.

"Yupo, bab?" Huku wanawaita wasichana wote hivyo, bab, hata wasiowajua.

Nikatikisa kichwa. Alikuwa ameenda kwenye bafu za mtaa, kukanda goti kwenye hodhi la maji moto.

"Mwambie mechi ya kesho imesogezwa. Usiku hakutakuwa na taa, tutacheza kwa mwanga wa madirisha." Akainua vidole viwili mbele ya uso wangu, kama refa. "Hii. Umeshika?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akapanda baiskeli yake.

Nikakaa kwenye ngazi nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: "Kaka, mechi ya kesho imebadilishwa kwa sababu ya stima. Ni saa mbili. Usichelewe." Nikapiga mstari chini ya usichelewe. Nikaweka kopo juu.

Asubuhi nilikuta kikaratasi chake: "Asante, mwalimu. Nimeelewa. Sitachelewa."

Jumamosi ile Mama na Baba wote walikuwa kazini. Mimi niliondoka mapema kama kawaida, maana meza huandaliwa kabla ya watu kufika. Yeye alikuwa chumbani kwake, na sikugonga. Tulikuwa hatugongeani.

Ukumbini wachezaji wakaja mmoja mmoja, wakipumua moshi. Watu wa London wakaja, warefu, na suruali zao zinazofanana. Mwanga wa madirishani ulikuwa wa kijivu lakini ulitosha. Zimebaki dakika kumi na tano, kocha akaja mezani.

"Rafiki yako yuko wapi?"

Nikainua mabega. Akaenda mlangoni, akarudi. Akaenda tena. Refa akaja kutaka karatasi ya majina. Nilikuwa nimeshaandika yote kumi, na la Mmarekani nililiandika kwanza kabisa nilipofika tu, kwa sababu nilipenda kuliandika.

Kocha akaiinamia karatasi. "Mfute," alisema. "Barua siwezi kumwandikia mtu anayelala siku kama ya leo. Mfute, bab, tuanze."

Nikashika kalamu. Nikaiweka kwenye jina lake, na hapo ndipo nilipokisikia kikaratasi changu mwenyewe. Ni saa mbili. Nilikisikia kwa sauti ya Mama, jinsi alivyokuwa akinikatiza kila nilipomwambia shule inafungwa saa nne: saa nne ya wapi, mtoto wewe, saa nne si watu wanakunywa chai ya asubuhi? Kwetu siku inaanza kuhesabiwa jua likichomoza. Saa nane ndiyo mchana wa kula, saa mbili ni asubuhi au ni usiku. Mimi, kwa miaka yangu ya shule za huku, nilikuwa nimeanza kuzisema saa za Waingereza kwa maneno ya Kiswahili, na sikujua. Kocha alinionyesha vidole viwili, yaani saa nane yetu ya mchana, nikaandika mbili, kama nilivyozoea mezani. Na yule mtu alikisoma Kiswahili changu kama alivyofundishwa. Saa mbili. Mechi ya saa moja na nusu usiku imesogezwa nusu saa, umeme utakuwa umerudi. Kwa nini ashangae? Alikuwa amelala nyumbani, amefunga goti, anangoja jioni.

Nikasema, "Msimfute."

Kocha akatazama nyuma yake, kuona nani kasema.

"Ni makosa yangu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo na yenye mikwaruzo. "Nilimwandikia kwa Kiswahili. Nimeandika mbili. Kwa Kiswahili mbili ni nane."

"Mbili ni nane?"

"Ndiyo. Na nane ni mbili."

Refa alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetaka kuniletea maji. Kocha akavua kofia. "Polepole, bab."

Nikamweleza. Nilisema maneno mengi kuliko niliyosema shuleni mwaka ule wote, na katikati machozi yakaanza, nikaendelea nayo. Nikamwambia kwetu saa zinahesabiwa tangu kukicha. Nikamwambia Mmarekani hakukosea hata kidogo, aliyekosea ni mwenye lugha. Nikamwambia akitaka kufuta jina, afute langu.

"Wewe huchezi," kocha alisema. Akakuna kichwa. "Watu gani hao wanaanza kuhesabu ikiwa saba yetu, siku imeshaamka?" Lakini alikuwa anaingiza mkono mfukoni. Akanipa sarafu. "Simu iko koridoni. Refa, jina linabaki. Nenda, bab. Mwenzako wa kushika saa hapo mezani atakushikia kalamu."

Nyumbani hatukuwa na simu. Namba niliyoijua kichwani ilikuwa ya duka la pembeni mwa mtaa wetu, la mzee wa Kihindi aliyetoka Kisumu, ambaye Mama alimpigia kutoka hospitali kila zamu yake iliporefuka. Alipokea akiwa anatafuna.

"Mzee, shikamoo. Naomba ukamwamshe mpangaji wetu. Mechi inaanza sasa."

"Sasa? Yeye asubuhi nanunua ndizi hapa, nasema mechi ni saa mbili."

"Saa mbili ya huku, mzee."

Nikasikia ameacha kutafuna. "Nani naandika yeye?"

"Mimi."

"Wewe, mtoto ya Kenya, naandika saa ya Mzungu na maneno ya Kiswahili." Hakuwa mkali, alisikika kama mtu aliyeumwa jino. "Basi yeye iko sawa. Wewe ndiyo iko makosa. Ngoja, mimi nafunga duka."

Nikarudi mezani. Mpira ulikuwa umeshaanza, na timu yetu ilikuwa inachezewa kama watoto. Niliandika. Kila mlango uliposukumwa nilikosa pointi moja, na mwenzangu akanisahihisha kwa kiwiko. Mapumziko yalipofika tulikuwa nyuma pointi kumi na saba. Kocha hakunitazama, nami sikumtazama. Niliangalia lile jina la kwanza, la Mmarekani, lenye nukta ndogo ya wino pale nilipoiweka kalamu ili nimfute.

Zilikuwa zimepita dakika tatu za kipindi cha pili Mmarekani alipoingia. Kiatu kimoja kilikuwa hakijafungwa kamba. Nyuma yake alikuwa mzee wa duka na aproni yake, na ukumbi ukaanza kunuka vitunguu, kwa sababu Mmarekani alikuja nyuma ya gari la duka, amelala juu ya magunia ya vitunguu na viazi. Alikuja moja kwa moja mezani na kuninyooshea namba yake kwa vidole, kama sheria inavyotaka mchezaji akiingia. Kidevu chake kilikuwa kinatetemeka kwa baridi.

Sijui kueleza mpira vizuri, niliujua kwa namba tu. Lakini namba zake zilijaza mstari ule mpaka nikawa naandika pembeni. Alirukia kila mpira uliogonga chuma na kurudi. Goti lake nililiona likikataa mara mbili, na mara mbili akalipiga kofi kama punda. Walimu na mafundi wale wakaanza kukimbia kama watu walioambiwa habari njema. Kumi na saba zikawa tisa, zikawa nne. Mzee wa duka alikuwa amesimama juu ya kiti akisema peke yake, "Kimbia, kijana, kimbia, duka yangu imefungwa." Filimbi ya mwisho ilipolia tulikuwa tumeshindwa kwa kikapu kimoja.

Kikapu kimoja. Dakika tatu zile alizokosa za kipindi cha pili zingetosha. Nilijumlisha karatasi mara tatu nikitumaini nimekosea, lakini nilikuwa sijakosea. Kocha akaisaini, akavaa kofia, akaondoka na baiskeli yake bila kuaga mtu.

Tulirudi kwa gari la duka. Mimi nilikaa mbele, Mmarekani nyuma na magunia, mguu umenyooshwa. Tulipofika barabara ya Alum Rock nikageuka. Ilibidi nigeuke.

"Kaka, nisamehe."

Alitoa kikaratasi changu mfukoni, akakifungua. "Dada, niambie kweli. Nilisoma sawa?"

"Ulisoma sawa. Mimi niliandika vibaya."

"Mwalimu wetu wa chuo alinifelisha kwenye saa," alisema. "Nilirudia mtihani wa saa peke yake. Jana niliposoma hapa, sikuhitaji hata kuhesabu kwa vidole. Nilifurahi sana." Akakikunja tena. "Basi nitarudi kwetu Marekani nikijua saa."

Mzee wa duka akasema, akitazama barabara, "Nani nasema narudi? Kwanza nasaidia mimi kushusha viazi."

Nilifikiri ni mzaha tu wa mzee. Jumapili sikuandika chochote kwenye daftari, na kwenye ngazi hapakuwa na kikaratasi, chake wala changu.

Jumatatu nikitoka shule nilimkuta kocha kwenye mlango wetu, ameegemeza baiskeli ukutani. Akatoa bahasha ndani ya koti. Haikuwa imefungwa.

"Wewe ndiye unayejua kuandika. Soma kama kuna makosa. Mke wangu anasema nimeandika 'muhimu' kwa njia tatu."

Ilikuwa barua ya kuomba kibali cha Mmarekani kiongezwe mpaka mwisho wa msimu unaofuata. Ilikuwa fupi, ya mtu asiyependa kuandika. Ilisema timu inamhitaji. Ilisema kwamba amefika kwenye mechi akiwa ndani ya gari la viazi na akacheza hivyo hivyo, na kwamba mwandishi wa barua hajawahi kuona mchezaji wa nchi yoyote akifanya hivyo. Nilisahihisha neno moja. Yale ya viazi niliyaacha.

"Tulishindwa," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda kwa sababu sasa nilikuwa najua kusema.

"Nilikuwepo, bab. Kesho mazoezi ni jioni, saba." Mkono ulianza kupanda na vidole vyake, akaushusha haraka. "Usimwandikie. Panda juu umwambie kwa mdomo."

Akaondoka. Nikapita kipandio cha tatu, na kopo lake, nikapanda mpaka juu kabisa, mahali nilipokuwa sijasimama tangu ahamie. Nikagonga.

"Kaka," nikasema kupitia mlangoni, "kesho una mazoezi. Jioni. Giza likishaingia, Baba akishatoka kazini, kabla hatujala. Saa moja ya kwetu. Huku wanaiita saba. Na kuna barua."

Ndani kitanda kikalia. Akafungua mlango akiwa na soksi moja, akainama ili kichwa kisigonge.

"Barua gani?" aliuliza. Na kabla sijajibu akainua kidole kimoja kunionya. "Polepole, mwalimu. Rudia kila kitu tangu mwanzo."

Nikarudia.